Tupeane uzoefu: unachungaje siri za watu kazini? (Bukavu)

Wandugu, mimi nina kabini ya kutuma pesa Nyawera. Kupitia simu hii najua nani anamsaidia mama yake Uvira, na nani analipa deni kila mwisho wa mwezi. Wateja wakijipanga, shingo zinakuwa ndefu. Kwa hiyo kiasi sikitamki. Namgeuzia mtu skrini: "Mama, angalia kama ni hiyo." Akiitikia kwa kichwa, natuma. Juzi alikuja papa mmoja kuuliza mke wake anamtumia nani pesa. Nikamwambia, "Papa, mwenye jibu uko naye nyumbani." Aliondoka amenuna. Ninyi mnafanyaje?

Muuguzi, Kadutu: Kwetu ni sheria kabisa. Ile ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya anayeishi na virusi vya UKIMWI, na sheria ya adhabu, kifungu cha 73, inampa anayetoa siri za kazi kifungo cha mwezi 1 hadi 6. Lakini sokoni hakuna hakimu. Nikimkuta mgonjwa wangu kwenye ndizi, simuanzi salamu. Pengine yuko na wifi yake, na wifi atauliza, "Huyu mmejuana wapi?" Akinisalimu yeye, naitika kama jirani, tunalalamikia bei, napita. Tena kopo la vidonge linalia njiani mtu akitembea. Naweka pamba ndani, halafu natingisha mwenyewe kabla ya kumpa.

Mama wa likelemba (mchango wa kupokezana pesa kwa zamu), Bagira: Siku ya kupokea haisemwi barabarani. Anayepokea anajua, na mimi. Wezi nao wana masikio.

Mwalimu, Panzi: Nawaunga mkono, ila kuna siri sikubali kuibeba. Mtoto alikuja na alama za fimbo mgongoni, akaniomba ninyamaze. Nikamwambia palepale: "Mtoto wangu, hili nitalisema, lakini kwa watu wawili tu, mkuu wa shule na shangazi yako." Darasani hakuna aliyejua. Sasa anaishi kwa shangazi.

Mwenye kabini: Mwalimu, hiyo ya kumwambia mtoto kwanza naichukua. Kuna msichana anakuja kwangu kutoa pesa akiwa na mwanaume mtu mzima. Yeye haongei, na namba ya siri anaiingiza yule mwanaume. Nataka kumuuliza msichana akiwa peke yake. Aliyewahi kukutana na jambo kama hilo, tafadhali aniandikie pembeni.