Naomba ushauri: vipimo vya mzee vinaonyesha jeni ya STK11 imeharibika

Habari zenu wakuu. Mzee wangu, miaka 63, ana saratani ya mapafu aina ya adenokasinoma. Kinyama kilipimwa vinasaba. Karatasi inasema KRAS G12C (badiliko kwenye jeni ya KRAS) ipo, STK11 imeharibika. Nilivyosoma, STK11 hutengeneza kimeng'enya LKB1, kinachoiamsha AMPK (kimeng'enya kinachofuatilia nishati ya seli) seli ikiishiwa nishati ili isiendelee kukua. Yaani breki zimekatika.

Daktari anapendekeza dawa za kuamsha kinga ya mwili, lakini nasoma kuwa uvimbe wenye kasoro hizi mbili mara nyingi hauzisikii. Nilimuuliza, foleni ilikuwa ndefu, akasema tutaongea.

Je, kuzichanganya na kemo kunasaidia? Na vidonge vya kuzuia KRAS G12C, kama sotorasib, huanzishwa hatua gani? Mzee anaanza Jumatatu.