Nimeuziwa plastiki kwa jina la katani, tena Tanga hii hii!

Wakuu, salaam.

Juzi nimeingia duka moja la vifaa hapa mjini, nikaomba kamba ya katani ya kufungia mbuzi. Kijana akanitolea roli, rangi ile ile ya krimu, hata vinyuzi vimechomoza pembeni. Nikamuuliza mara mbili: "Kijana, hii katani kweli?" Akajibu: "Katani tupu, mzee wangu." Nikalipa bei ya katani.

Usiku mbuzi wawili wamejifungua, na sisemi wamezaa. Fundo limeteleza lenyewe, wakahamia kwenye mchicha wa jirani. Nimeulipa wote.

Sasa fundo la katani lateleza vipi? Singa zake zinang'ang'aniana, na ikilowa umande ndiyo inabana zaidi. Nikakata kipande, nikawasha kiberiti. Kikajikunja, kikayeyuka, tone likaniunguza kidole. Katani ikiungua inanuka kama karatasi na kuacha majivu, haidondoshi matone!

Kinachoniuma ni kufanyiwa haya TANGA. Mwaka 1893 yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Hindorf, aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mkonge, mmea unaotoa katani, ikafika hai 62 tu, na ndiyo hiyo iliyozaa mashamba yote haya. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za katani. Marehemu baba alikata mkonge miaka mingi mpaka mwiba wa ncha ukamchukua jicho moja. Leo mwanawe anauziwa plastiki iliyopakwa rangi ya jasho lake!

Sina ugomvi na plastiki. Mvuvi akiitaka namwelewa, katani ikikaa majini muda mrefu inaoza. Wazee wa pwani nao walisokota usumba wa makumbi ya nazi, unaostahimili maji ya chumvi. Na nyie mnaoita plastiki "manila", manila yenyewe inatokana na mmea wa Ufilipino wa jamii ya mgomba, lakini hayo tuyaache. Iuzwe kwa jina lake na bei yake, basi.

Nimerudisha roli dukani. Jibu: "Mzigo ukishatoka haurudi, mzee."

Mwenye kumjua muuzaji wa katani ya kweli, Tanga mjini au Muheza, anielekeze. Naenda na kiberiti mfukoni.