Natoka Mtwara kwenda Helsinki mwezi wa pili, siku tano: nibebe nini?

Binti_Mikindani
Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Naenda Helsinki, Ufini, wiki ya kwanza ya Februari, siku tano tu. Kuna mama wa Kifini aliyefanya kazi na marehemu baba hapa Mtwara enzi za RIPS, ule mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Ufini, miaka ya 90. Amenialika nikatembee. Viza imetoka, tiketi ninayo, napitia Istanbul. Ninachokosa ni akili ya kupanga begi.

Mimi mtoto wa pwani. Baridi ninayoijua ni ya kipupwe, ile ya kujifunika kanga mbili. Kali kuliko zote niliipata Newala nilipokwenda msibani mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nikalala na soksi. Sasa naambiwa kule Februari nyuzi 5 chini ya sifuri ni kitu cha kawaida, na ikiamua kukaza inaweza kufika 20 chini ya sifuri. Huku nilipo ni 31, feni inazunguka na bado jasho linanichuruzika.

Koti nitafute wapi bila kufilisika? Viatu je? Na sisi tunaovaa ushungi, kofia inakaaje? Nina begi moja la kilo 23 na la mkononi. Nimeanza kukusanya masweta, yamefika saba na begi limeshajaa.

Nahodha_wa_Shangani
Saba? Dada unakwenda kutembea au unakwenda kufungua duka?

Boda_Mkanaledi
Koti usihangaike. Sisi tunavaa makoti mazito mwaka mzima, jua la saa saba mchana tumo ndani yake. Langu nakuachia kwa 25,000, limeshapigwa na upepo wote wa barabara ya Masasi na mimi mzima.

Mtandi_Ughaibuni
Boda, usimpoteze dada wa watu. Hilo koti ni ngozi ya bandia, ukilitoa kwenye baridi ya kweli linakakamaa kama ubao.

Binti, mimi wa Lindi, niko Ufini mwaka wa tisa. Nilikuja na kosa hilo hilo la masweta. Nilivaa matano, moja juu ya jingine, nikatoka kukimbilia tramu. Nilipofika kituoni nimelowa jasho, tramu imenipita, nikasimama dakika kumi. Lile jasho likageuka maji ya barafu mgongoni. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba kule adui yako wa kwanza ni kulowa, na wa pili ni upepo wa baharini. Helsinki ni mji wa pwani kama wetu, ila bahari yake inaganda.

Kwa hiyo vaa tabaka tatu. Ya kugusa mwili iwe nyembamba na ya kubana, juu na chini, ya sufu au ya nailoni zile za michezo. ISIWE PAMBA. Pamba ikinywa jasho haikauki. Ya katikati sweta moja la sufu au lile jaketi la manyoyamanyoya. Ya nje koti lisilopitisha upepo, refu lifunike makalio, lenye kofia. Basi. Masweta mawili yanakutosha siku tano, unayabadilisha.

Tena majumbani, madukani, ndani ya treni, kote wanapasha moto, nyuzi 20 au 21. Ukiingia na koti unaiva. Chagua nguo zinazofunguka mbele, maana kutwa nzima utakuwa unavua na kuvaa.

Mama_Robota
Mwanangu Binti, mie nauza mitumba, huu mwaka wa kumi na mbili. Makoti ya baridi huku Mtwara ni balaa kwetu. Ukifungua robota ukayakuta, unajua umepata hasara, hakuna anayeyataka isipokuwa hao kina Boda. Wenzetu wanayapeleka Njombe na Makete, huko yanakwenda. Kwa hiyo ukija sokoni sasa hivi wakati wa kaskazi, muuzaji atakushukuru. Usilipe zaidi ya 20,000.

Ila ulikague. Zipu uivute mara tatu, juu mpaka chini, maana kwenye koti la baridi zipu ikifa na koti limekufa. La manyoya ya bata lifinye ndani ya ngumi kisha uliachie. Likifumka lenyewe, zima. Likibaki limesinyaa, au ukisikia mabonge kwenye pembe, manyoya yameshaungana, halina joto tena. Tazama na mishono, kama manyoya yanachungulia achana nalo.

Buti za mtumba sikushauri, na mimi ndiye ninayeziuza. Zikikaa muda mrefu, tena kwenye joto na unyevu wetu huu, soli inaoza kwa ndani huku juu inang'aa. Mteja wangu mmoja alizivaa kwenda Makambako, akashuka kwenye basi soli imebaki kwenye ngazi.

Nahodha_wa_Shangani
Mama Robota leo umesema kweli mbele ya mashahidi, tunaihifadhi 😂

Mimi naona mnamtesa bure. Siku tano! Amwandikie mwenyeji wake amwazime. Watu wanaoishi kwenye baridi lazima wana makabati yamejaa makoti.

Binti_Mikindani
Nahodha, naona haya. Mtu kakualika, atakulisha, halafu umwombe na viatu? Baba angekuwepo angenichapa.

Mtandi_Ughaibuni
Hapa Nahodha kapatia. Kwetu kuomba viatu ni aibu, kwao kumpokea mgeni kutoka Tanzania Februari bila kumuuliza namba ya kiatu ndiyo aibu. Mwandikie urefu wako na namba ya mguu. Kama ana binti, buti zipo.

Na viatu ndiyo jambo lenyewe, kuliko koti. Baridi inapanda kutoka chini. Kiatu kiwe kikubwa kidogo, vidole vicheze. Usivae soksi mbili nene ukakibana mguu, damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Soksi moja nene ya sufu inatosha. Soli iwe ya mpira laini, yenye meno. Wanamwaga changarawe njiani lakini barafu iliyofunikwa na theluji mpya huioni. Tembea kama unapita kwenye tope la mikoko: hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko.

Ummu_Chikongola
Mwanangu, la ushungi nimelipitia nilipokwenda kwa mwanangu Sweden. Mtandio wa kitambaa chepesi cha kuvutika chini, pini moja tu, kisha mzula juu. Mzula uununue mpana, na kama umesuka jaribu kabla hujalipa. Shingoni usining'inize skafu ndefu, chukua ile ya mviringo ya kuingiza kichwani. Upepo ukikaza unaivuta mpaka puani, imekuwa nikabu.

Lililonitesa ni udhu. Kuosha miguu halafu kurudi kwenye soksi na kiatu cha barafu, nilitaka kulia. Beba khofu, zile soksi za ngozi. Zivae ukiwa na udhu kamili, kisha unapaka maji kwa juu tu. Msafiri ana siku tatu na usiku wake.

Na uangalie saa, jua la huko lina haraka. Mwanzoni mwa Februari linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mchana mfupi, adhuhuri na alasiri zimekaribiana, ukizubaa dukani umepitwa.

Binti_Mikindani
Ahsante sana mama, hilo la khofu nisingeliwaza kabisa.

Nimemeza haya zangu, nimemwandikia mwenyeji. Sasa zawadi. Nilitaka nimpelekee korosho, embe, ming'oko (vile viazi vya porini) na nazi. Na mafuta ya nazi ya kujipaka mwenyewe.

Mtandi_Ughaibuni
Korosho zilizokaangwa peleka, hata kilo mbili. Nazi inaruhusiwa, iko kwenye orodha fupi ya matunda yasiyodaiwa cheti, pamoja na ndizi, nanasi na tende. Embe bila cheti cha afya ya mimea watakunyang'anya, na ming'oko mibichi ni vivyo hivyo. Nyama na vitu vya maziwa usithubutu.

Mafuta ya nazi yanaganda hata kabla baridi haijaanza, chini ya nyuzi 24 tu. Kule utayachokonoa kwa kijiko. Chukua mafuta mazito ya mgando, jipake uso na midomo kabla ya kutoka. Hewa ya ndani ni kavu sana, mimi wiki ya kwanza nilitoka damu puani nikadhani nimerogwa.

Mengine ya haraka: simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi inamaliza chaji ukiiangalia. Plagi zao ni pini mbili za duara. Nguo ya kuogelea beba, utapelekwa sauna tu, hilo halina mjadala. Na koti lipande nawe ndani ya ndege, usilitie kwenye begi kubwa. Begi likibaki Istanbul utashukaje?

Boda_Mkanaledi
Kwa hiyo langu hulitaki?

Binti_Mikindani
Pole Boda, abiria wako watakukosa ukilivua 😂

Marejesho. Mama wa Kifini kajibu siku hiyo hiyo. Buti namba 39 zipo, za bintiye, na suruali ya theluji ipo. Kaandika kwamba baba alipokwenda huko alivaa koti la mumewe na likampwaya, na picha katuma. Sikujua kama baba aliwahi kufika. Nimekaa nayo picha hiyo jana usiku mzima.

Koti nimelipata kwa 18,000, refu, la manyoya ya bata, nimelifinya kwa ngumi kama alivyosema Mama Robota, likafumka. Mfuko wa ndani ulikuwa na senti 20 za yuro. Masweta matano nimeyarudisha kwa wenyewe.

Limebaki moja: mwenye mzani wa kupimia begi maeneo ya Ligula au Mikindani aniambie. Zile nazi naona ni nzito.

Nahodha_wa_Shangani
Popote, ila usiende kwenye mizani ya korosho. Utaambiwa begi lina kilo 17, ukifika uwanja wa ndege ni 26.