Tulioanza taekwondo na mvi kichwani, tupeane uzoefu

Wakuu, nina miaka 53, mkanda wa njano. Miaka miwili nilikaa kwenye benchi nikimsubiri binti yangu amalize mazoezi, hadi daktari aliponiambia sukari inapanda. Nikavua viatu, nami nikaingia. Yetu ni ile ya asili ya Jenerali Choi, chini ya shirikisho lake la ITF, si ya Olimpiki.

Kilichonisumbua kwanza si mwili. Mwalimu ana miaka 24. Nje ananipa shikamoo, naitika marahaba. Tukiingia ukumbini mimi ndiye namwinamia, na nikichelewa napigishwa pushapu mbele ya binti yangu. Nilichukua muda kulimeza hilo.

Mwili nao ukafuata. Mwezi wa tatu nikajitia ujana, nikarusha dollyo chagi (teke la kuzunguka) ya kichwani bila kupasha moto. Nyonga! Wiki sita napanda daladala huku nauinua mguu kwa mkono, konda ananiita babu.

Nikarudi kwenye tul, ile mifululizo ya miondoko iliyopangwa unayofanya peke yako, ambayo watu wa karate wanaita kata. Chon-Ji ina miondoko 19, Dan-Gun 21, na zote mbili hazina teke hata moja. Nilizirudia nyonga ikipona, ndipo nikagundua ngumi zangu zote zilikuwa za bega tu, kiuno kimelala. Haya, semeni wenzangu.

Mama Mkanda: Mie nina 47, niko Mombasa. Pole kaka. Yangu ni goti. Tunafanyia kwenye saruji, miguu mitupu, na saruji inaushika wayo. Ukipiga teke la kuzunguka na mguu uliosimama haujageuka, goti ndilo linajipinda badala yake. Sasa nageuza kisigino kwanza, halafu ndio napiga, tena kiunoni basi. Kichwani nimewaachia watoto.

Mzee Kijana: Hapo sikubaliani nanyi. Tul bila kupigana ni ngoma. Nina 58, kila Jumamosi naingia na vijana. ITF ngumi za uso zinaruhusiwa, kwa hiyo hata mguu usipopanda, mkono unafika. Siri ni kuchagua mtu anayejizuia. Wapo vijana wa mkanda wa bluu wanaopiga kama wanadaiwa kodi. Hao nawakwepa wazi wazi, sioni haya.

Mama Mkanda: 58 na bado unapigwa za uso, mkeo anajua?

Mzee Kijana: Anajua nimeenda mazoezini.

Mleta mada: 😂 Mzee, tul ziko 24 kwa hesabu ya saa za siku, maana Jenerali aliona maisha ya mtu ni kama siku moja. Wewe uko ya ngapi?

Mzee Kijana: Ya nne. Na jua langu lishafika magharibi. Hebu niambie, nyonga uliitibu kwa barafu au maji ya moto?

Mleta mada: Barafu siku mbili za mwanzo, kisha maji ya moto. Na benchi, tena.