Tupeane uzoefu: gari ya zamani inachemsha, ulijuaje tatizo liko wapi?

Wakuu habari za jioni. Kila siku naona mtu anauliza "gari yangu inachemsha nibadilishe nini" na anachojibiwa ni orodha ya spea tu, mara rejeta mara wota pampu mara toa themostati (kile kivali kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), hela inaisha na gari bado inachemsha. Mliopitia hii kitu naomba mseme ilikuwa inachemsha WAKATI GANI na mwishowe ikaonekana nini, maana hapo ndo jibu linapojificha.

Naanza mimi. Mark II GX100, injini 1G. Ukitoka Chalinze speed 80 geji imetulia kabisa, ukikuta foleni Kimara tu inaanza kupanda. Mafundi walikuwa wanaangalia feni, inazunguka, basi wanahamia kwenye rejeta. Kuna mzee mmoja yeye aliizima gari ikiwa imechemka hivohivo, akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka bure kama tairi ya baiskeli iliyoning'inizwa. Akanionesha nyuma ya kilachi ya feni (kile kiungo kinachoishikanisha feni na mzunguko wa injini) kuna mafuta yamevuja yameganda na vumbi. Ile kilachi ina mafuta ya silikoni ndani, ikipata moto inatakiwa ikaze ivute upepo, yangu yalishavuja. Barabarani upepo wa mwendo ulikuwa unaisaidia ndo maana hukuti shida. Tukabadili kilachi tu, rejeta ni ileile mpaka leo.

Mdau wa Mbeya
Mkuu umenena. Mimi Noah ya zamani, SR40. Maji yanapungua chini hakuna hata tone, na moshi mweupe asubuhi. Fundi alikuja injini ikiwa baridi kabisa, akafungua mfuniko wa rejeta, akawasha, mapovu yakawa yanapanda mfululizo hayaishi. Akafunga tena, muda mfupi tu mpira wa juu ukawa mgumu wakati hata joto hamna. Hiyo ni kompresheni, yaani gesi ya ndani ya silinda, inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na hedi, kichwa cha injini) imeondoka. Hedi ikaenda kupimwa kama imepinda ikasagwa, na ukishafunga usisahau kutoa hewa kwenye mfumo maana Noah ile mabomba ni marefu.

Mdau wa Nakuru
Yangu ni Nissan B15, mambo ni kinyume na ya Mark II. Kwa jam iko sawa, nikipanda Mai Mahiu kuelekea Limuru inaboil. Makanika akazima injini, akachomoa waya ya feni (hiyo feni inaweza jiwasha yenyewe ikukate), akapitisha mkono mbele ya rejeta, juu moto, chini kona moja baridi. Imeziba. Ilikuwa imewekwa maji ya mfereji miaka yote na mwenye aliniuzia, ndani ilikuwa kutu tupu.

Mdau wa Dodoma
Niongeze hatari moja. Broo alikuwa anapanda Sekenke, geji ikafika juu af ikashuka ghafla, akasema afadhali imepoa. Kumbe maji yameisha, sensa haina maji ya kupima inasoma mvuke tu. Injini ikafa palepale. Ukiona geji inashuka ghafla hivo na hita inatoa upepo wa baridi, zima gari pembeni, na mfuniko usiguse mpaka ipoe kabisa.

Mdau wa Tanga
Jamani mimi Corolla 110, fundi alitoa themostati akasema "nchi ya joto hii haihitajiki". Sasa safari ndefu inapanda kidogokidogo. Inahusiana?

Mleta mada
Inahusiana sana. Injini nyingi za Toyota za miaka ile themostati ina kisahani chini, ikifunguka kinaziba njia ya mkato, maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Rudisha ya nyuzi 82, na kabla hujaifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji uchemshe uone inafunguka. Af cheki na raba ya mfuniko wa rejeta, ikilegea presha haikai na maji yanachemka mapema.

Mdau wa Tanga
Shukrani mkuu, naenda kutafuta themostati kesho, nitaleta mrejesho.