Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 katika mizani ya Bentham, Kant na Aristotle

Mwanafunzi wa Ualimu, Gulu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha mjadala kimepangiwa kulinganisha nadharia kuu tatu za falsafa ya maadili, yaani nadharia ya manufaa ya Bentham na Mill (inayopima tendo kwa matokeo yake), nadharia ya wajibu ya Kant (inayopima kwa wajibu na haki), na nadharia ya fadhila iliyoanzia kwa Aristotle (inayopima kwa tabia ya mtu). Vitabu tulivyo navyo vimejaa mifano ya magari ya reli yasiyo na breki, kwa hiyo tuliamua kuchukua jambo la nyumbani Uganda: Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, iliyowaondolea mashtaka watu walioipiga vita serikali tangu tarehe 26 Januari 1986, mradi waweke silaha chini na kuukana uasi. Walionufaika nayo ni zaidi ya watu 20,000, wakiwamo maelfu waliotoka katika LRA, kundi la waasi la Joseph Kony lililopigana kaskazini mwa nchi.

Mgawanyo tulioufikia ni huu: nadharia ya manufaa inaiunga mkono sheria hiyo, Kant anaipinga, na Aristotle hana la kusema kwa kuwa yeye hujadili tabia ya mtu na si sheria za nchi. Mwenzetu mmoja amekwenda mbali zaidi na kudai kwamba zoezi zima ni la bure, kwa sababu kila mtu huchagua nadharia inayompa jibu alilokuwa nalo tangu awali. Je, mgawanyo wetu ni sahihi, na mwenzetu huyo anajibika?

Mwalimu Mstaafu, Kampala

Mwanangu, mgawanyo wenu unafaa kwa kuanzia, lakini unamdhulumu kidogo kila mmoja wa hao watatu, na Aristotle kuliko wote.

Katika kitabu chake cha mwaka 1789, Bentham anashikilia kwamba adhabu yoyote, kwa kuwa inaumiza, ni ubaya, na kwamba inakubalika tu pale inapozuia ubaya mkubwa kuliko yenyewe. Kwa msimamo huo, anayepaswa kujieleza ni yule anayeadhibu, wala si yule anayesamehe. Itazameni kaskazini ya miaka ile, wakati wapiganaji wengi walikuwa watoto waliotekwa na wazazi wao walikuwa wakiwangoja katika kambi za waliokimbia vita, nanyi mtaona kwa nini viongozi wa dini wa Acholi waliipigania sheria ile kwa nguvu zao zote. Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Wafuasi wa Bentham wamegawanyika kati ya wanaopima tendo mojamoja na wanaopima kanuni, na hao wa pili watauliza itakuwaje nchi ikizoea kwamba kila uasi huishia kwenye cheti cha msamaha. Msiandike kwamba nadharia ya manufaa inaunga mkono. Andikeni inaunga mkono kwa kipimo kipi.

Kant anahitaji kusomwa taratibu. Watu hukumbuka mfano wake wa kisiwa, katika kazi ya mwaka 1797: hata wakaaji wa kisiwa wakikubaliana kuivunja jumuiya yao na kutawanyika duniani, muuaji wa mwisho aliye gerezani ni lazima auawe kwanza. Ukali wa mfano huo umeifunika hoja iliyo bora zaidi katika kazi hiyohiyo, kwamba mtawala anaweza kusamehe kosa alilotendewa yeye, lakini hana haki ya kusamehe kosa ambalo raia amemtendea raia mwenzake. Ipelekeni hoja hiyo Lukodi, kijiji cha karibu na Gulu ambako LRA waliua raia mwaka 2004. Uasi ni kosa dhidi ya serikali, na Bunge likiusamehe, limesamehe lililo lake. Lakini mjane aliyeuawa mumewe na kuchomewa nyumba, ni nani aliyemsemea? Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya sheria ile, na nadharia ya manufaa haina hata mahali pa kuiweka. Mahakama ya Juu ilipita karibu na mstari huo mwaka 2015 katika shauri la Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa LRA, ilipoona kwamba msamaha haukufunika mauaji ya makusudi ya raia, na mwaka 2024 Kwoyelo alihukumiwa hapo hapo Gulu kifungo cha miaka 40. Sidai kwamba majaji walikuwa wakimsoma Kant.

Kuhusu Aristotle, someni anapozungumzia nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna atupaye mali kwa kupenda, lakini saa ile nahodha amechagua. Matendo ya namna hiyo anayaita mchanganyiko: mengine husamehewa kwa kuwa shinikizo lilizidi uwezo wa binadamu, na mengine hayana udhuru hata kama mtu alitishiwa kifo. Kaskazini mwa Uganda kuna kesi ngapi za namna hiyo?

Wakili, Lira

Mwalimu ameuliza, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA. Alitekwa akiwa mtoto wa takriban miaka tisa, njiani kwenda shule. Mnamo Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huohuo ikampa kifungo cha miaka 25. Majaji waliukataa utetezi wa kulazimishwa, kwani makosa hayo aliyatenda akiwa mtu mzima na kamanda, lakini walipopanga adhabu walizingatia utoto wake ulioporwa. Lawama ilibaki palepale na adhabu ikapungua, jambo ambalo Aristotle angelielewa bila shida.

Hata hivyo nadharia ya fadhila inakwama hapohapo. Aristotle mwenyewe anafundisha kwamba tabia hujengwa kwa mazoea, na kwamba malezi ya tangu utotoni ndiyo yanayoleta tofauti yote. Aliyelelewa na waliomteka, tabia yake ni ya nani? Jibu lake, kwamba kila mmoja wetu ni mshiriki katika kuiumba tabia yake, halinitoshelezi.

Ninapotofautiana na Mwalimu ni kwamba amewaacha nje wanaopima jema kwa mahusiano, fikra ambayo John Mbiti, aliyefundisha Makerere, aliieleza mwaka 1969 kwamba mtu yupo kwa sababu wengine wapo. Mato oput, ibada ya upatanisho ya Acholi, ni nadharia hiyo ikiwa kazini. Kwanza ukoo wa mkosaji hukiri na kukubali kulipa fidia. Ndipo watu wa pande mbili hupiga magoti, mikono ikiwa nyuma, na kunywa kwa pamoja katika kibuyu kimoja maji machungu ya mzizi wa oput. Bentham angeuliza kama amani imepatikana na Kant angeuliza kama mkosaji ameadhibiwa, ilhali hapa linaloulizwa ni kama koo hizi mbili zinaweza tena kula na kuoana. Udhaifu wake naujua kwa sababu ninaishi Lango: kambi ya Abok, iliyoshambuliwa na LRA, ilikuwa kwetu, na desturi iliyo kati ya koo za Acholi haitufungi sisi.

Mwanafunzi wa Ualimu, Gulu

Nashukuru sana, Mwalimu na Wakili. Lakini mwenzetu bado anacheka, akisema kwamba sasa anazo nadharia nne za kuchagulia.

Mwalimu Mstaafu, Kampala

Mwambieni achague mojawapo, kisha ataje jibu moja linalomkera ambalo nadharia hiyo inamlazimisha kulikubali. Anayesimama na Bentham akubali kwamba, hesabu ikitaka hivyo, hata asiye na hatia anaweza kutolewa kafara ili kijiji kitulie. Anayesimama na Kant akubali kwamba hati za kuwakamata viongozi wa LRA, zilizotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2005, zilipaswa kubaki hata kama ndizo zilizomfanya Kony asitie saini mkataba wa amani baada ya mazungumzo ya Juba, jambo ambalo watu wanabishania hadi leo. Anayebadilisha nadharia kila inapomkera, hoja ya mwenzenu inamhusu yeye, na haizihusu nadharia.

Mwanafunzi wa Ualimu, Gulu

Basi nianze mimi. Nimesimama na Kant kwa ajili ya yule mjane wa Lukodi, na tayari nimekutana na la kunikera: mjane huyo akiamua mwenyewe kusamehe, kwa Kant mahakama bado ina wajibu wa kuadhibu, kwa kuwa adhabu si deni ambalo mjane anaweza kulifuta. Nimemtetea asisemewe na Bunge, na sasa nadharia yangu inamnyamazisha. Nitalipeleka jambo hilo kwenye kikundi kama lilivyo, maana baadhi ya wenzangu wana ndugu walioshiriki mato oput, na hawatakubali kirahisi kuambiwa kwamba msamaha wao haukuwa na uzito.