MJADALA: Nani alimuua Nancy Spungen? Na je, ni haki filamu kumsafisha marehemu mmoja kwa kumnyooshea kidole mwingine?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Naomba hili tulijadili kwa uzito wake, maana limenikaa rohoni tangu nilipoitazama Who Killed Nancy?, filamu ya makala ya mwaka 2009 iliyotengenezwa na Mwingereza Alan G. Parker.

Kwa asiyeijua kesi yenyewe: asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 1978, binti wa Kimarekani wa miaka 20, Nancy Spungen, alikutwa amekufa kwenye sakafu ya bafu, chumba namba 100, Hoteli ya Chelsea, New York. Alikuwa na nguo za ndani tu, chini ya sinki, na jeraha moja la kisu tumboni. Mpenzi aliyekuwa akiishi naye humo chumbani ni Sid Vicious, jina lake halisi Simon John Ritchie, aliyekuwa mpiga gitaa la besi wa Sex Pistols, bendi ya Uingereza iliyoutikisa ulimwengu kwa muziki wa panki kisha ikasambaratika Januari ya mwaka huohuo. Sid akakamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Mahakamani akakana. Akapata dhamana ya dola 50,000. Desemba akampiga kwa chupa ndugu wa mwanamuziki Patti Smith ndani ya klabu, akarudishwa mahabusu Rikers Island. Alitoka tarehe 1 Februari 1979, usiku ule akatumia heroini, na kesho yake akakutwa maiti. Umri wake miaka 21. Kesi ya Nancy haikuwahi kusikilizwa, na polisi wakaliweka faili pembeni.

Sasa Parker anakuja miaka 30 baadaye na hoja kwamba Sid hakuua. Anasema Sid alikuwa amemeza vidonge vya usingizi vingi kiasi kwamba hakuwa na uwezo wa kunyanyuka, sembuse kumchoma mtu kisu. Anasema watu waliingia na kutoka chumbani usiku kucha, wauza unga wakiwemo. Anasema mle ndani kulikuwa na mabunda ya noti, na hayakuonekana tena. Kisha anatuelekeza kwa mpangaji mmoja wa hoteli, anayetajwa kwa jina la kwanza tu. Wapo wengine walioandika kumhusisha muigizaji mmoja aliyempelekea Nancy dawa usiku ule. Naye aliwaambia polisi kwamba si yeye, na alifariki mwaka 2001.

Shaka naikubali. Sid alishasema mambo yanayopingana: polisi walidai aliwaambia amefanya hivyo kwa sababu yeye ni mbwa mchafu, kisha akasema alikuwa amelala, kisha akasema hakumbuki. Maneno ya mtu aliyelewa dawa namna ile, wakili yeyote mzuri angeyachanachana.

Ninachokataa ni hiki. Filamu inabeba jina la Nancy, lakini swali lake halisi ni kama Sid ana hatia. Ukiitazama vizuri utaona wanaohojiwa wengi wanamsema Nancy vibaya: mkorofi, mwenye kelele, aliyemharibu kijana wao. Magazeti ya London yalimpachika jina la Nancy wa kutia kichefuchefu, na wenzake wakaendelea nalo hadi kaburini. Huyu ni binti aliyezaliwa kitovu kimemzonga shingoni, akakua na ugonjwa wa akili ambao madaktari waliutambua akiwa na miaka 15, na hata hivyo akafika Chuo Kikuu cha Colorado akiwa na miaka 16. Mama yake, Deborah, aliandika kitabu juu yake mwaka 1983, kisha akatumia miaka mingi Philadelphia kuzisaidia familia za watu waliouawa. Hayo yangetosha filamu nzima.

Na kuna kitu kimoja siwezi kukisahau. Baada ya kifo chake, duka la meneja wa bendi, Malcolm McLaren, lilitoa fulana yenye sura ya Sid na maneno yasemayo: yeye amekufa, mimi ni hai, mimi ni wako. Ikaelezwa kwamba ni kuchangia gharama za mawakili. Damu ya mtoto wa watu haijakauka, tayari imeshakuwa nguo ya kuvaa.

Kwa hiyo swali langu kwenu: filamu za namna hii zinatafuta haki, au zinatafuta kumrudisha nyota wao akiwa msafi?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, ila nadhani unamwonea Parker. Mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Sid alikufa akiwa mtuhumiwa, lakini dunia nzima ikamfanya muuaji. Mwaka 1986 ikatoka filamu ya kuigiza, Sid and Nancy, ikaonyesha kifo chenyewe kikitokea mikononi mwake, na vijana waliozaliwa baadaye wakaamini hiyo ndiyo historia. Nani angemjibia? Mama yake, Anne Beverley, alifariki mwaka 1996. Parker amesimulia kwamba mama huyo ndiye aliyemwomba atafute ukweli. Mzazi kukuomba kitu kama hicho, ungekataa?

Halafu tujiulize kuhusu polisi. Mtuhumiwa amepatikana chumbani, maarufu, mlevi wa dawa, mgeni nchini. Shughuli ikaishia hapo. Kama hela kweli zilipotea, hela hizo zilichukuliwa na mtu, na mtu huyo alikuwa mle ndani.

Mchangiaji wa tatu

Wote wawili walikuwa mateja. Sioni cha kujadili hapa. Walichagua maisha hayo na mwisho wake unajulikana.

Mleta mada

Ndugu yangu mchangiaji wa tatu, hapo hapo ndipo ninapopigania. Nancy hakufa kwa sindano. Alichomwa kisu na binadamu, akavuja damu hadi kufa. Uteja haumpunguzii mtu thamani yake mbele ya sheria. Tukisema mla unga akiuawa tusihoji, basi tumempa ruhusa kila mwenye kisu kuchagua nani amchome bila kuulizwa.

Mchangiaji wa pili, hoja ya mama Beverley imenigusa. Lakini angalia mizani. Mama wa Sid aliomba, filamu ikatengenezwa. Mama wa Nancy alikuwa hai, anazungumza hadharani kuhusu mwanaye. Kwa nini hadithi hii haikuanzia kwake?

Mchangiaji wa nne

Nimesomea sheria, naomba niongeze jambo. Marekani, mshtakiwa akifa kabla ya hukumu, mashtaka yanakufa naye. Haijatamkwa kwamba alifanya wala kwamba hakufanya. Ndiyo maana nasema wote wanaodai kesi hii ilikwisha wanakosea, na wote wanaodai Sid alisafishwa wanakosea pia. Kisheria swali limebaki palepale lilipokuwa Februari 1979.

Kuhusu vidonge: kumeza vidonge vingi kunaweza kumfanya mtu azimie, ni kweli. Kunaweza pia kumfanya atende jambo asilikumbuke kesho yake. Jeraha lilikuwa moja. Halihitaji nguvu za mtu mzima mwenye afya, wala halihitaji nia ya kuua. Waliowafahamu wamesimulia ugomvi na vipigo kati yao, na hata akiwa na dhamana Sid alimpasulia mtu chupa. Mahakama ingemsikiliza daktari wa upande huu na daktari wa upande ule, ingemhoji mpelelezi kuhusu kila kilichookotwa mle chumbani. Filamu inamleta shahidi mmoja, anazungumza dakika tatu, hakuna wa kumbana kwa maswali.

Na hapo ndipo kwenye hatari kubwa. Kumsema vibaya aliyekufa hakumpeleki mtu mahakamani, kwa kuwa sheria za kashfa kule humlinda aliye hai. Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu akitaka mtu wa kumbebesha lawama, aliyekufa ndiye rahisi. Yule muigizaji hakuwahi kushtakiwa kwa kifo hiki. Nilivyowaona watu wakimwandika kama muuaji aliyethibitishwa, nilisikitika.

Mchangiaji wa tano

Habari zenu, kaka na dada zangu. Mimi ni mama, na mfuatiliaji wa muziki huu tangu ujana wangu. Naleta kisa kingine, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba kurudia kesi ya zamani ni lazima kuishie kwenye tetesi.

Mia Zapata alikuwa mwimbaji wa bendi ya panki iitwayo The Gits, mjini Seattle. Aliuawa alfajiri ya tarehe 7 Julai 1993 akirudi nyumbani, baada ya kubakwa. Alikuwa na miaka 27. Polisi hawakumpata muuaji. Wenzake hawakukaa kimya. Wanamuziki walifanya maonyesho ya kuchangisha pesa, Nirvana na Pearl Jam wakiwemo, na Joan Jett akaingia studio na jukwaani pamoja na waliobaki wa bendi ile. Pesa zikatumika kumlipa mpelelezi binafsi. Wanawake wa mji wakaanzisha Home Alive, wakawa wanafundishana namna ya kujilinda. Yote hayo yalifanywa kwa jina la Mia. Hakuna aliyekuwa akimtetea mwanamume yeyote.

Miaka ikapita. Mwanzo wa miaka ya 2000, mate yaliyohifadhiwa kutoka mwilini mwake yakapimwa vinasaba, na mwaka 2003 yakalingana na sampuli ya mtu aliyekuwa Florida, Jesus Mezquia. Akatiwa hatiani mwaka 2004.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Kwa takriban miaka 10 watu wa ule muziki walikuwa wanatazamana kwa mashaka. Rafiki alimshuku rafiki, waliokuwa wapenzi wakahojiwa, wapo walioishi na doa hilo miaka yote. Muuaji akaja kuwa mtu baki kabisa, asiyejulikana na yeyote kati yao. Kila kidole kilichonyooshwa kabla ya hapo kilimwelekea asiyehusika.

Ndiyo maana namuunga mkono mleta mada kuhusu Nancy, na namuunga mkono mchangiaji wa nne kuhusu wanaotajwa ovyo.

Mchangiaji wa pili

Dada, kisa cha Mia kimenifundisha kitu, ahsante. Lakini unaona kinavyonisaidia na mimi? Kama kwa Mia aliyehusika alikuwa mgeni ambaye hakuna aliyemwaza, kwa nini kwa Nancy turidhike na aliyekutwa chumbani? Na kwa Mia kulikuwa na ushahidi uliotunzwa kwenye friza. Kwa Nancy tumebaki na kumbukumbu za watu, na watu hao wanazeeka na kufa. Parker asingewakalisha mbele ya kamera mwaka 2009, sauti zao tusingekuwa nazo. Hata kama hitimisho lake hulitaki, mahojiano yale yana thamani.

Mleta mada

Hapo mkuu tumekaribiana. Mahojiano yabaki. Kuuliza kuendelee. Hata kama siku moja itathibitika kwamba Sid hakufanya, nitafurahi, maana kijana wa miaka 21 kufa na jina la muuaji asilostahili ni dhuluma pia. Sina chuki naye.

Ninachodai ni utaratibu. Filamu ikisema fulani ameua, ituonyeshe ni nani aliyemwona, alikuwa wapi, alimwambia nani kwa mara ya kwanza na mwaka gani. Ushahidi mwingi unaozunguka kesi hii ni wa aina ya fulani aliniambia kwamba fulani alikiri akiwa amelewa. Hata kikao cha ukoo hakimtozi mtu faini kwa maneno kama hayo, sembuse kumwita muuaji mbele ya dunia. Na aliyeuawa aelezwe kama mtu, pamoja na ukorofi wake na ugonjwa wake na akili zake, kabla hajaelezwa kama tatizo la mwanamume.

Mchangiaji wa sita

Nipo Ulaya, na New York nimewahi kupita nikasimama nje ya Chelsea, barabara ya 23 magharibi. Chumba namba 100 hakipo tena kama kilivyokuwa, kilivunjwa kwa sababu mashabiki walikuwa wanakuja kukitafuta. Hoteli yenyewe ilifungwa miaka mingi kwa matengenezo, ikafunguliwa upya mwaka 2022, sasa ni ya wenye pesa. Nawaambia hili kwa sababu mara nyingi watu husema wachunguzi warudi eneo la tukio. Eneo la tukio halipo.

Mchangiaji wa nne

Eneo halipo, lakini polisi wa New York walipiga picha, walichukua maelezo, na daktari alifanya uchunguzi wa maiti. Jimbo la New York lina sheria ya raia kuomba nyaraka za serikali. Maombi yanaweza kukataliwa, na majina ya mashahidi yanaweza kufichwa, lakini kinachotolewa ni karatasi iliyoandikwa mwaka 1978, haijapitia miaka 30 ya kusimuliwa baa. Atakayetengeneza filamu nyingine aanze na maombi hayo, na kama familia ya Nancy inataka kushirikishwa, yawe kwa ridhaa yao. Nikiona amefanya hivyo nitaitazama mpaka mwisho, hata kama itasema Sid ndiye.

Mchangiaji wa tano

Na hata kama itasema siye. Mchangiaji wa pili, wewe ungeikubali ikisema ndiye?

Mchangiaji wa pili

Ikiwa na karatasi hizo mkononi, dada, ningeikubali. Ingeniuma, lakini ningeikubali.